Kabla hujalipia mtihani wa PLAB, tazama majina yako

Ujumbe ninaopokea sana kutoka kwa madaktari wa nyumbani ni huu: "Kaka, nataka kuja Uingereza kusomea ubingwa, nianzie wapi?" Wengi hutegemea niwatajie kitabu cha PLAB, mtihani ambao daktari aliyesomea nje hufanya ili asajiliwe Uingereza. Mimi huwauliza kwanza pasipoti yao ina majina mangapi.

Yangu ina matatu. Cheti cha shahada kina mawili, na la mwisho limeandikwa "Muhamed" wakati pasipoti inasema "Mohamed". Nyumbani hakuna aliyewahi kunisumbua kwa herufi moja. GMC, wanaosajili madaktari kule, hawana utani na hilo. Vyeti hupitia EPIC, mfumo unaokiuliza chuo chenyewe kama kweli kilikuhitimisha. Nilienda kwa wakili kula kiapo cha majina, halafu chuo changu kikakalia barua pepe ya uhakiki miezi minne. Hatimaye mdogo wangu alienda kushinda pale ofisini mpaka ikajibiwa.

Halafu kuna karatasi zinazochacha. Cheti cha mwenendo mwema kutoka Baraza la Madaktari Tanganyika hakitakiwi kuzidi miezi mitatu unapoomba usajili. Mimi nilikifuata mapema kwa sifa za kujipanga, kikaisha muda kingali bahashani. Nikalipia kingine. Karatasi hiyo ifuate mwisho, nyingine zikiwa tayari.

Kiingereza nacho tusikidharau kwa sababu tulisomea udaktari kwa lugha hiyo. Kwenye IELTS, mtihani wa Kiingereza, wanataka wastani wa 7.5, na pasiwe na kipengele chini ya 7. Kuandika kuliniangusha, nikapata 6.5. Nikahamia OET, mtihani wa Kiingereza wa watu wa afya, ambako kuandika kwa daktari huwa ni barua ya rufaa ya mgonjwa, kazi tuliyoifanya wodini kila siku. Hapo unahitaji alama B kila kipengele.

PLAB ya kwanza ni maswali 180 kwa saa tatu, ukisoma unafaulu. Ya pili hufanyikia Manchester: vituo 16 unavyovipitia kimoja kimoja, dakika nane kila kimoja, na mgonjwa ni mwigizaji. Sisi tumezoea foleni ya watu sitini, unauliza, unaandika dawa, "mwingine!" Kule mazungumzo yenyewe yana maksi. Mgonjwa akilia, nyamaza kwanza. Nililitafuta neno la Kiingereza linalotosha kusema "pole", sikulipata. Nikajifunza kukaa kimya vizuri.

Usajili si nafasi ya mafunzo, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Mwaka 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba wahitimu wa vyuo vya huko watapewa kipaumbele kwenye nafasi za ubingwa. Kama tayari una MMed, yaani shahada ya ubingwa, au umeanza fani yako, itazame MTI, mpango wa mafunzo ya muda kwa madaktari wa nje: unafunzwa hospitalini huku ukilipwa, kwa muda usiozidi miaka miwili, kisha unarudi nyumbani, na hutahitaji kufanya PLAB. Kwa maoni yangu inatufaa zaidi, ingawa haina sifa za kupiga picha kwenye theluji miaka kumi.

Wewe uliye intanishipu, jambo lako ni moja. GMC watataka miezi 12, ndani yake angalau mitatu ya magonjwa ya ndani na mitatu ya upasuaji. Idai barua ya kuthibitisha hayo, yenye tarehe kamili, sahihi na muhuri kabla hujaondoka hospitalini, maana bosi wako akihamishwa utamtafuta mpaka Katavi.