Kujitoboa kidole kupima sukari hali umefunga

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Mimi ni mama wa miaka 58, nina kisukari, nameza vidonge na usiku nachoma insulini. Mwanangu kaninunulia mashine ya kupimia sukari. Jirani kaniambia nikijitoboa damu ikatoka, saumu imebatilika, basi Ramadhani iliyopita niliificha kabatini. Siku moja baada ya Alasiri nilitokwa na jasho, mikono ikatetemeka. Nikapima kwa kificho: 3.2 (mmol/L). Nikavumilia mpaka Magharibi. Je, nina thawabu zaidi? Na nikishindwa kufunga, nifanyeje?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Mama yangu, jirani ana nia njema lakini kakosea. Ibn Abbas amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alipigwa chuku (aliumikwa damu) hali amefunga, na chuku hutoa damu nyingi kuliko hicho kitone cha kidoleni. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, lilisema wazi kwamba damu ya vipimo haifunguzi, wala sindano ya chini ya ngozi isiyo ya lishe. Insulini imo humo.

Hiyo 3.2 ndiyo iliyonikosesha raha. Madaktari wanasema sukari ikishuka chini ya 3.9 ufungue palepale, hata kama adhana imebakiza dakika kumi. Na ikipanda kupita 16.6 vilevile. Ikishuka, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, usubiri dakika 15, upime tena. Mwenyezi Mungu anasema: "Wala msijitie kwa mikono yenu katika maangamizo" (2:195). Kwetu sisi Mashafii, anayechelea kuangamia kufungua kwake ni wajibu, si hiari. Saumu yako ya siku ile ilisihi, ila thawabu ya kuvumilia hatari mimi siioni. Usirudie.

Halafu kuna futari, na hapa nasema na waume zenu pia. Wengi sukari huwapanda jioni, si mchana: tambi za sukari, kaimati zimezama kwenye shira, viazi vitamu vya nazi, na juisi ya ukwaju ya kuteremshia. (Kaimati nazijua, ni udhaifu wangu mwenyewe.) Fungua kwa tende moja na maji, uswali Magharibi, ndipo urudi kwenye sinia: kipande cha muhogo, samaki, mbaazi, mchicha wa kutosha. Baada ya saa mbili pima. Mashine itakwambia futari ilikuwaje. Daku usiiache, na kuichelewesha ndiyo sunna.

Dozi usizipunguze kwa kichwa chako. Nenda kliniki tangu Rajabu, umwambie daktari unataka kufunga, akupangie upya vidonge na sindano. Akikwambia usifunge, msikilize. Ruhusa ya mgonjwa imo kwenye aya ya 184 na 185 za Suratul Baqara, hukuomba wewe.

Siku ulizofungua kwa sukari kushuka utazilipa ukiwa na nafuu, hata moja moja, siku fupi za baridi. Lakini daktari akisema hutaweza tena kufunga maishani, basi huna kadha (kulipa siku hizo): toa kibaba kimoja cha mchele kwa kila siku, umpe maskini. Mwezi wa siku 30 ni vibaba 30.

Wallahu a'lam.