Usiweke sarafu juu ya sindano: majibu ya barua zenu za santuri

Mwezi huu barua zimenizidi, nimechukua nne, wengine mvumilie. Nyingi ni za jazi, sijui kuna nini, labda ni baridi.

Shikamoo Mzee wa Santuri. Babu yetu alifariki mwaka jana akatuachia boksi la santuri kama sitini hivi, nyingine nzito kama sahani za udongo, nyingine laini laini. Kuna ambazo zimeandikwa Jazz halafu ndani ni dansi la Kiswahili kabisa, na nyingine ni Wamarekani na matarumbeta yao. Nataka kuzifuta kwa spiriti ya hospitali nianze kuzisikiliza. Na je, zote hizo ni jazi?
Mjukuu, Tanga

Marahaba mjukuu, na poleni na msiba. Hiyo chupa ya spiriti iweke chini kwanza kabla hatujaendelea.

Zile nzito, zinazopasuka vipande ukiangusha, ni za mizunguko 78 kwa dakika na nyingi zimechanganywa na sheleki, ile ile ambayo fundi seremala anaiyeyusha kwenye spiriti anapaka kabati ling'ae. Sasa we ukimwaga spiriti kwenye santuri unafanya kazi ya seremala, utayeyusha sauti ya babu yako na hairudi tena. Hizo futa tu kwa kitambaa laini, kikavu au chenye unyevu kidogo sana, kaushia hapo hapo basi.

Hizi laini ni plastiki, yaani LP, Columbia ya Marekani ndo walizianzisha 1948, mizunguko 33 na theluthi. Kwa hizi chukua distiled wota wanayouza sheli (angalia vizuri usije ukabebeshwa asidi ya betri, vichupa vinafanana), tone moja la sabuni ya vyombo kwenye bakuli, kitambaa kile cha kufutia miwani, halafu futa kwa kuzunguka ukifuata mistari, usikate mistari, na lebo ya katikati usiiloweshe. Suuza kwa maji yale yale yasiyo na sabuni, simamisha zikauke kivulini. Na sindano ya LP usiipigie 78, mfereji wa 78 ni mpana zaidi sana, sindano inaogelea mle chini kwenye uchafu unasikia mchanga mtupu.

Kuhusu jina, zamani huku kwetu Jazz ilikuwa jina la bendi kuliko aina ya muziki. Dar es Salaam Jazz ilianza 1932, Morogoro Jazz 1944, Kinshasa wakaja OK Jazz 1956, na wote hao walipiga dansi, rumba, chacha, watu wanacheza mpaka alfajiri. Jazi ya Wamarekani ni kitu kingine, pale mpiga saksafoni anachukua wimbo anaubomoa anaujenga upya mbele yako. Na LP iliwafaa mno, maana kwenye 78 una dakika tatu na kitu umemaliza, kwenye LP upande mmoja unafika dakika ishirini, mtu anapata nafasi ya kufikiri huku anapiga. Ila zile za dansi usizidharau aisee, ukinisikiliza mimi kwenye hilo boksi hizo ndo za kuogopa kuzipoteza, maana Mmarekani wako wanamtoa upya kila mwaka, bendi ya Tabora nani atakutolea?

Mzee sasa. Nilinunua plea ya sanduku ya kupigia santuri, ile ya kubeba na spika zake humo humo. Sindano ilikuwa inaruka, jamaa akaniambia niweke sarafu ya kumi juu ya kichwa chake na kweli ikaacha kuruka. Lakini siku hizi nikirudia santuri zile zile nasikia kama zinachakaa, ama ni masikio yangu?
Kijana wa Umoja, Nairobi

Masikio yako mazima kijana, toa hiyo sarafu leo leo.

Nakwambia kwa sababu nami nilishaweka. Fundi mmoja, jina namstahi, alinihakikishia haina shida, nami nikamwamini nikaipigia LP niliyoitafuta miaka miwili. Kufika mara ya kumi hivi yale matoazi, yaliyokuwa yanalia taratibu nyuma ya piano, yamegeuka mtu anakaanga vitumbua. Nikaangalia ncha ya sindano nikakuta imejikusanyia kijivumbi cheusi kama masizi, kumbe ndo santuri yenyewe ile, nimeichonga mwenyewe kwa mkono wangu.

Iko hivi: kichwa cha plea ya maana kinalalia santuri kwa uzito wa gramu moja na nusu mpaka mbili na nusu. Hizi za sanduku nyingi zinalalia tano hivi bila msaada wa mtu, we ukaongezea na sarafu, haya. Na kuruka mara nyingi hakutokani na wepesi, kunatokana na meza kupinda, au vumbi, au spika kukaa juu ya meza moja na plea zikawa zinaitikisa, na kwenye sanduku spika zimo humo humo sasa utazihamishia wapi. Chukua simu, weka ile programu ya kupima usawa, laza juu ya plea, chomeka karatasi chini ya miguu mpaka ikae sawa. Ikiendelea kuruka basi weka hela pole pole utafute plea ya mtumba yenye mkono unaorekebishika, uzito wake nyuma unazungushwa, hiyo utadumu nayo. Sindano nayo huisha, kutegemea aina ni masaa 300 mpaka 1000 hivi, ya kwako baada ya hayo mateso mi ningeinunulia mpya tu.

Mzee habari za siku. Mimi niko Mombasa, napenda santuri za jazi za kampuni ya Blue Note za miaka ya hamsini na sitini. Kuna mtu ananiuzia moja bei ya mbuzi wawili anasema ni orijino. Nitajuaje? Na ukungu nao umenishinda.
Mwana wa Kibokoni

Mbuzi wawili! Haya, mwambie akutolee nje ya kava uiangalie kwenye mwanga, akikataa umeshapata jibu.

Tafuta pale karibu na lebo, sehemu nyeusi isiyo na muziki. Orijino nyingi za miaka hiyo zina herufi RVG au jina VAN GELDER, ndo alama ya Rudy Van Gelder aliyezirekodi. Pembeni kuna kialama kidogo kama sikio, kwa kweli ni herufi P iliyoandikwa kwa mkato, ya kiwanda cha Plastylite kilichokuwa kinazigonga. Blue Note iliuzwa kwa kampuni ya Liberty 1966 na hapo sikio likapotea, kwa hiyo akikwambia ni ya 1958 halafu sikio hamna, mwachie santuri yake. Jina la Van Gelder peke yake lisikudanganye, hata nakala za baadaye kidogo zinalo.

Huyo Van Gelder bwana mchana alikuwa anapima watu macho, jioni anarekodi wanamuziki kwenye sebule ya wazazi wake kule Hackensack, New Jersey, mpaka 1959 alipohamia studio yake mwenyewe. Kila nikikumbuka hilo naona sawa kabisa muziki huu kusikilizwa sebuleni, ulizaliwa sebuleni.

Lakini orijino isikupe wazimu. Ile santuri Kind of Blue ya mpiga tarumbeta Miles Davis ya 1959, nyimbo zote tatu za upande wa kwanza mashine ilizunguka taratibu wakati wa kurekodi, kwa hiyo kwenye santuri noti zinasikika juu kidogo kuliko zilivyopigwa, watu walifanya mazoezi nayo miaka yote hiyo vyombo vinawakataa, ikarekebishwa toleo la 1992. Anayemiliki orijino kwa bei ya nyumba amemiliki na kosa lake.

Ukungu wa huko naujua, unyevu wa baharini hauna dawa moja. Toa zile nailoni ngumu zinazobana kava, simamisha santuri wima, usizilaze kwa rundo, ziache mbali na ukuta wa nje kabati lipate hewa. Za plastiki zenye ukungu osha kama nilivyomwambia mjukuu wa Tanga.

Shikamoo. Mume wangu ana santuri mia tatu na zaidi, sebule imekwisha, rafu ya kwanza ilianguka. Mi jazi yenyewe siielewi, haina maneno, wanapiga tu kama wanagombana. Nifanyeje?
Mama wa watu, Dodoma

Marahaba mama. Rafu ilianguka kwa sababu santuri mia na makava yake ni zaidi ya kilo ishirini, na yeye anazo mia tatu, seremala atumie mbao kweli sio zile za kubandika.

Maneno yapo, mwambie akutafutie Uhuru Afrika ya mpiga piano Mmarekani Randy Weston. Waliirekodi New York Novemba 1960, Tanganyika bado mwaka mzima kupata uhuru, na mwanzoni kabisa utamsikia Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, anasema Kiswahili huku ngoma zinalia. Halafu akuwekee mpiga piano Herbie Hancock wa 1971, aliyejiita Mwandishi na santuri akaiita hivyo hivyo, mpiga besi wake Mchezaji, wa ngoma Jabali, wa tarumbeta Mganga, wa tromboni eti Pepo Mtoto. Wamarekani watupu hao. Mi nilicheka mpaka nikasahau kuwa mwanzo nami nilikuwa siuelewi muziki huu.

Na zile alizozipanga chini ya dirisha azihamishe wiki hii hii, jua la mchana la Dodoma likizipata zitakunjika kama chapati, na hapo kelele utakazosikia zitakuwa za kwake.