Jifunze "put off" kabla hujampoteza mgeni

Juzi kijana wa Moshi anayesomea kuongoza watalii ameniandikia: "Shikamoo kaka. Kwenye usaili nimeulizwa maana ya put off, nikakwama. Nikariri kamusi nzima?"

Marahaba mdogo wangu. Kamusi iache kwanza.

Mimi nilianza kama mgumu, nikibeba mizigo ya wageni njia ya Machame, Mlima Kilimanjaro. Kiingereza nilikiokota humo humo mlimani. Nilipoomba kazi ya uongozaji kwenye kampuni moja, meneja aliniambia mbele za watu kwamba Kiingereza cha wapagazi hakifai kwa wageni. Mpaka leo linaniuma.

Leseni nilipata, kazi nikapata kwingine, hapa Arusha. Mwezi uliopita familia moja ya Uingereza iliyopanga kupanda mwezi wa nne ikaandika: "Can we put it off until September?" Mhasibu wetu kuona "off" akajua safari imekufa, akaanza kuandaa kurudisha amana. Nikamwambia ngoja! Kufuta kabisa ni "call off". "Put off" ni kuahirisha, na Septemba yenyewe wameitaja. Tukawasogezea tarehe, amana ikabaki, mlimani watakuja masika yamekwisha. Natamani yule meneja angekuwepo.

Sasa shika hili. "It" au "them" hukaa katikati: "put it off", kamwe si "put off it". Nomino inakubali kote, "put off the trip" au "put the trip off". Kitenzi kinachofuata kipe -ing: "put off climbing", si "put off to climb".

Kinachofanyiwa "put off" kikiwa mtu badala ya safari, maana inageuka. Mgeni akiwa getini mvua inamwagika, akakwambia "the rain won't put us off", hazungumzii tarehe hata kidogo. Anasema mvua haitawavunja moyo, wanapanda leo leo. Na akisema harufu fulani imem-"put off" chakula, ujue hamu ya kula imemtoka. Mwambie mpishi mapema, maana asiyekula mlimani hafiki mbali.

Vijana, mnakesha na orodha za maneno usiku wa kuamkia usaili. Acheni hiyo! Msikilizeni mgeni, andikeni sentensi yake nzima, na alikuwa anazungumzia nini.

Wewe wa Moshi, nitumie sentensi tatu za "put off": moja ya tarehe, moja ya mvua, moja ya chakula. Nitazisahihisha mwenyewe.