Mtoto akibadilika ghafla: kwa mwalimu mpya wa shule ya msingi

Wiki mbili za kwanza usimwite mtoto yeyote mtundu wala mzito. Jua kwanza alivyo siku zake za kawaida. Darasa la watoto 80 si jambo geni Dar es Salaam, na huwezi kuwatazama wote kwa siku moja. Shika daftari la mahudhurio, chagua majina 8 kila siku. Kwa siku 10 za shule utakuwa umewapitia wote.

Unachotafuta ni badiliko. Aliyekuwa akinyoosha kidole amenyamaza. Mpole anapiga wenzake. Wa darasa la tatu ameanza kujikojolea, au kengele ya mwisho ikilia anazungukazunguka, hataki kwenda nyumbani. Andika ulichokiona pamoja na tarehe na saa: "Jumanne saa 4:15, hakutoka mapumziko, alilalia dawati." Ukiandika "ana huzuni" tu, umeandika maoni yako, na wiki ijayo hutakuwa na cha kulinganisha.

Anza na mambo madogo. Mtoto anayetoka Mbagala au Gongo la Mboto kusoma shule ya mjini huenda ameamka saa kumi alfajiri, amesukumwa mlangoni mwa daladala na hajaonja hata chai. Mwingine mtaani kwao kulikuwa na kigodoro, ngoma ya mtaani, usiku kucha. Huyo akisinzia saa tatu anahitaji uji na usingizi, si fimbo.

Panapoharibika zaidi ni kwenye mazungumzo. Usimwite mbele ya wenzake. Kaeni ubavu kwa ubavu mahali mnapoonekana lakini hamsikiki. Benchi chini ya mwarobaini panafaa kuliko ofisi ya walimu. Mwambie ulichokiona: "Naona siku hizi huchezi rede na wenzako." Kisha nyamaza. Sekunde 10 za kimya zitakuelemea wewe kuliko yeye, lakini zivumilie. Mwache achorechore mchangani kwa kijiti. Achana na "kwa nini", maana mtoto husikia anakaripiwa, naye atakutafutia jibu la kukuridhisha. Wala usimwahidi siri. Sema: "Ukiniambia kitu kinachokuumiza, nitamweleza mtu wa kutusaidia, na utajua ni nani."

Akiwa amepandwa na hasira au hofu, mfundishe kupuliza uji: mikono kama imeshika kikombe, avute harufu kwa kuhesabu hadi 3, apulize taratibu hadi 5, mara tano. Ila darasa zima lijifunze hili wakati limetulia, kabla ya hesabu kwa mfano. Aliyekwisha kulia kwa kwikwi hafundishiki kitu kipya.

Akikueleza kuwa anapigwa vibaya au anaguswa, usimhoji mara mbilimbili. Andika maneno yake yaleyale na umfikishie mwalimu mkuu siku hiyohiyo, ili afisa ustawi wa jamii ahusishwe. Simu ya mtoto, 116, ni bure, na polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Kumpigia mzazi papo hapo ndilo kosa la wengi wenye nia njema: anayemuumiza mtoto anaweza kuwa ndiye anayepokea simu.

Kesho yake msalimie kwa jina kabla ya kengele, mpe kazi ya kugawa madaftari, na usimuulize lolote la jana.