Staa akilalamikia mshahara, usiweke elfu hamsini yako kwenye mapenzi ya jezi

Juzi usiku dogo mmoja kanitumia meseji. Kijiweni kwao wamebishana mpaka kahawa imepoa, wengine wanasema staa wa timu yao anasepa dirisha la usajili likifunguliwa maana mshahara haumtoshi, yeye kaweka dau la elfu hamsini kwamba haendi popote kwa sababu "anaipenda jezi kaka, mechi iliyopita kafunga akabusu nembo." Sasa usingizi hauji, ananiuliza kama hela yake iko salama.

Dogo, nilicheka halafu nikanyamaza. Maana Desemba 2022 mimi nilikuwa wewe.

Mnaokumbuka mnakumbuka. Watu tunasubiri Krismasi, Fei Toto huyo anaaga Instagram. Feisal Salum, kiungo wetu wa Yanga, tumemchukua klabu ya JKU kule Zanzibar 2018, kakulia Jangwani, nyumbani kwa Yanga, mbele ya macho yetu, leo kaweka milioni 112 kwenye akaunti ya klabu, 100 za kuvunja mkataba na 12 za mshahara wa miezi mitatu, kwaherini. Piga hesabu mwenyewe hapo utajua alikuwa anapokea ngapi kwa mwezi. Milioni nne. Na timu ilikuwa na wageni ambao kila mtu mtaani alijua wanapokea mara kadhaa ya hiyo.

Pale kijiweni kwetu Tabata mimi ndo nilikuwa wakili wa klabu bila kulipwa. Niligonga meza mpaka kikombe cha mzee mmoja kikamwagikia kanzu, naye katoka msikitini muda uleule, mi hata pole sikumpa nikaendelea kupiga kelele, milioni nne hazimtoshi, nani alikuwa anamjua kabla hajaja kwetu, mkataba ni mkataba. Yalipokuja yale maneno ya upande wa Fei, kwamba kwetu alikuwa anakula ugali na sukari, ndo nikapata utani wa mwezi mzima. Kila anayeagiza chai namuuliza, sukari ya ugali au ya kawaida?

Kitu ambacho sikuwaambia wenzangu ni kwamba mwezi huohuo mimi nilikuwa napokea laki tatu na nusu, mwaka wa nne sasa, kwenye karakana ya madirisha ya alminiamu. Kupima mimi, kukata mimi, kupanda ghorofa ya tano kufunga vioo mimi. Bosi alikuwa ananitambulisha kwa wateja kama mkono wake wa kulia. Kaja kijana mpya, hajui hata kupiga silikoni ikanyooka, nikaja kusikia kaanzia laki nne na nusu.

Januari nikamfuata. Alikuwa kaegemea mlango anachokonoa meno na njiti, kanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu: "Nani alikuwa anakujua kabla hujaja hapa? Hata grainda ulikuwa unaishika kama mwiko." Aisee. Maneno yangu mwenyewe, yale ya kijiweni, neno kwa neno karibu. Na yeye naye Mwananchi damu, Yanga kama mimi, tulikuwa tunaenda wote uwanjani.

Nikavua gloves nikaondoka siku hiyohiyo. Shujaa. Mwisho wa mwezi nafuata changu, hamna kitu, kakata chote. Nikaenda kwa jamaa anayejua sheria nikijua nampeleka mtu mahakamani, jamaa akanifungulia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi isiyopungua siku 28, ukigoma kuifanyia kazi mwajiri anaruhusiwa kukata. Bosi hakunidhulumu hapo, nilijidhulumu. Ila ile ya mwiko bado inaniuma, siwezi kudanganya.

Na Fei naye hivyohivyo. Alidhani ukilipa umeondoka, kamati ya TFF, shirikisho la soka la Tanzania, ikasema wewe bado ni wa Yanga, akaomba marejeo yakagonga mwamba. Nusu msimu mzima mtu hachezi, wenzake wanaenda mpaka fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na USM Alger ya Algeria. Mpaka Juni 2023 Rais Samia anawaandalia Yanga hafla Ikulu, anawaambia viongozi wamalizane na huyu kijana, haikupita wiki kauzwa klabu ya Azam. Msimu uliofuata kafunga magoli 19 ya ligi. Aziz Ki, kiungo wetu mwingine, alimaliza na 21, baada ya kupiga matatu siku ya mwisho, nikashangilia kile kiatu cha mfungaji bora kama nitakivaa mimi.

Kwa hiyo ushauri wangu, na huu nauandika kwa wote mnaobishana vijiweni. Cha kwanza uliza mkataba unaisha lini. Siyo anapenda nini, siyo mke wake anaishi wapi, siyo kaposti nini na kafuta nini. Unaisha lini. Kwa kanuni za FIFA mchezaji akibakiza miezi sita ana ruhusa ya kuongea na kusaini na klabu nyingine, hapo klabu inabembeleza. Kabla ya hapo klabu ndo imeshika kisu kwenye mpini, mchezaji anaweza kununa anavyotaka. Fei alikuwa na mkataba mpaka 2024, alinuna mapema mno. Sisi tulioapa kwamba hataondoka, na wale wa upande wa pili walioapa keshaondoka, wote tulikuwa hatujaangalia tarehe.

Cha pili ni hichohicho, angalia tarehe. Aziz Ki mkataba ukaisha 2024, tukakesha tunasoma tetesi, akasaini tena, mtaa ukalipuka. Mwaka uliofuata huyo Wydad ya Morocco. Chama, kiungo wa watani wetu Simba, aliondoka 2021 kwenda Berkane ya Morocco, akarudi, wakamuimba, 2024 mkataba umekwisha kavuka barabara kaja kwetu. Nembo kabusu ngapi yule?

Na acheni kuhesabu mshahara wa mwenzenu kwa kijiko cha mapenzi yenu. Wewe unayeniambia milioni nne zinatosha, muulize kwanza bosi wako kama laki tatu yako inatosha. Mguu ukivunjika, nembo haimlipii mtu kodi. Hili nalisema nikiwa na jezi ya njano mwilini, na nakiri Fei akifunga akiwa Taifa Stars naruka, akifunga na Azam nameza mate.

Mi leo nina karakana yangu, ndogo lakini yangu, mashine mbili za kukatia na vijana wawili. Wiki iliyopita mmoja, yule mwenye mkono mzuri kuliko mimi, kanifuata nikiwa nakula, kasimama anafikicha vumbi la alminiamu vidoleni. Kasema kaka, naomba tuongee kuhusu hela. Na ninyi hamtaamini kilichonijia mdomoni kabla sijameza tonge.

Nimemwambia tutaongea Jumamosi. Leo Alhamisi, bado sijashika kalamu.

Wewe dogo, kama kuna namna ya kuitoa hiyo elfu hamsini, itoe.