Bunduki ya Shabaha kwa Mfuko wa Kawaida: Anza na Bei ya Risasi

Msomaji mmoja kaniandikia hivi: "Kaka, leseni nimeshapata, klabu ya shabaha nimejiunga, na pesa niliyo nayo inatosha bunduki moja tu. Nataka nusu otomatiki (inayojijaza risasi yenyewe kila ukipiga), isiwe ghali, isinisumbue kwa kukwama. Nichukue zile za aina ya AR-15, zenye umbo la kijeshi, au kuna nyingine? Na darubini niweke ya ukubwa gani?"

Ndugu yangu, chukua .22, yaani bunduki inayopiga risasi nyembamba ya kipenyo cha kama inchi 0.22. Kama una haraka unaweza kuishia hapa. Kama una nafasi kaa nikueleze, kwa sababu jibu hili limeshanigombanisha na watu.

Nilipofika uwanjani kwa mara ya kwanza na .22 yangu, kuna bwana mmoja aliitazama, akatabasamu, akasema mbele ya wenzake kwamba hiyo ni ya kufundishia watoto. Wakacheka wote. Yeye alikuwa na kitu cha .308, risasi kubwa zaidi, kitako cheusi, darubini ndefu kama mkono wangu. Alipiga risasi chache, bega likamuuma, akafunga begi akaondoka. Mimi nilibaki mpaka jua likapungua makali. Wiki iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na iliyofuata pia. Mwezi uliopita klabu ilifanya mashindano ya mita 50, kila mtu na bunduki yake, na jina langu likasomwa la kwanza. Bwana yule alipiga makofi, lakini mkono hakunipa. Nasema haya si kwa kujisifu (sawa, kidogo najisifu), ila nataka uone kilichotutenganisha ni nini. Si kipaji. Ni kwamba mimi niliweza kumudu kupiga kila wiki.

Watu wanapouliza "bunduki ya bei nafuu" huangalia karatasi ya bei iliyoning'inizwa kwenye bunduki. Bunduki unainunua mara moja, risasi utazinunua maisha yako yote. Risasi ya .22 Long Rifle ipo tangu 1887 na mpaka leo ndiyo ya bei ya chini kuliko nyingine zote za kawaida. Sababu iko kwenye umbo lake: haina fataki ya peke yake katikati ya kitako cha ganda. Baruti ya kuwashia imetandazwa ndani ya ukingo wa ganda lenyewe, na pini ya bunduki inagonga ukingo huo. Vipande vichache, shaba kidogo, baruti kidogo. Kwa bei ya risasi moja ya .223, ile inayotumiwa na AR-15 nyingi, unapata kadhaa za .22. Teke lake halisikiki begani, kwa hiyo hujifunzi ile tabia mbaya ya kufumba macho kabla ya mlio. Hiyo tabia ikishakuingia, kuitoa ni kazi.

Sasa kukwama. Bunduki nyingi za .22 nusu otomatiki hufanya kazi kwa njia rahisi mno: risasi inapotoka, nguvu ya gesi inalisukuma ganda nyuma, ganda linaisukuma bolti (chuma kinachofunga nyuma ya risasi), bolti inalitupa ganda nje, springi inairudisha bolti mbele ikiwa imebeba risasi mpya. Hakuna pistoni wala bomba la gesi. Ina maana kila kitu kinategemea nguvu ya risasi yenyewe. Ukiweka risasi za taratibu, zile zinazotengenezwa ziwe chini ya mwendo wa sauti, bolti inaweza isifike nyuma kabisa na ganda likabanwa mlangoni. Kisha mtu analaumu bunduki! Tumia risasi za mwendo wa kasi, kichwa chenye uzito wa greni 40, kilichopakwa shaba. Nunua boksi dogo dogo la aina tofauti tofauti, piga zote, uone bunduki yako inapenda ipi. Nasema "inapenda" kwa sababu hata bunduki mbili zilizotoka kiwanda kimoja huchagua.

Jambo la pili ni magazini, kile chombo cha kubebea risasi. Bunduki ikikwama mara kwa mara, mshukiwa wa kwanza ni magazini, wa pili ni uchafu, bunduki yenyewe ni wa mwisho. Risasi za .22 ni chafu, zina nta na masizi mengi. Futa uso wa bolti, safisha chemba (pale risasi inapokaa ikipigwa), paka mafuta kidogo tu. Mafuta mengi hukamata masizi yakawa uji.

Kwa majina: mimi ninatumia Ruger 10/22. Imekuwa sokoni tangu 1964, mamilioni yametengenezwa, na vipuri vyake ndivyo vingi kuliko vya .22 nyingine yoyote. Magazini yake ya risasi 10 ni ya kuzunguka, inazama ndani ya kitako isionekane, na ndiyo sababu kubwa inayoifanya isikwame ovyo. Kasoro yake ni kwamba nyingi hazibaki wazi risasi ya mwisho ikishatoka. Bolti inafunga kama kawaida. Kwa hiyo usihesabu milio kichwani ukadhani imeisha. Vuta bolti, tazama chemba kwa macho.

Ukikutana na Marlin Model 60 iliyotumika na ikatunzwa vizuri, usiipuuze. Ni ya tangu 1960, inapiga vizuri, na risasi zake hukaa kwenye bomba lililo chini ya mtutu. Kulijaza bomba hilo kunachosha, na mkono wako unakuwa karibu na mdomo wa bunduki, jambo ambalo mimi silipendi. Na kama moyo wako umeng'ang'ania umbo la AR-15, kuna Smith & Wesson M&P15-22. Mwili wake ni wa plastiki ngumu, nyepesi, vidhibiti vimekaa kama vya kaka yake mkubwa, ila inakula .22.

Najua kuna atakayeniambia habari za SKS. Ni bunduki ya kijeshi ya Msovieti Simonov ya mwaka 1945, inabeba risasi 10 za 7.62×39, inavumilia mateso. Naiheshimu. Lakini risasi nyingi za zamani za kijeshi zina fataki zinazoacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi huvuta unyevu. Usipoosha kwa maji ya moto siku hiyo hiyo na kukausha, kutu itakusalimia. Pia kwa nyingi kati yake pini hucheza bila springi; ikigandwa na ile grisi nzito ya ghalani, bunduki inaweza kufyatuka yenyewe bolti inapofunga. Hiyo si bunduki ya mtu anayeanza.

Sheria soma kabla ya kulipa, maana nchi hazifanani. Uingereza ilipiga marufuku bunduki za nusu otomatiki mwaka 1988 lakini ikaziacha za .22. New Zealand nayo ilipobana mwaka 2019 iliacha za .22 zenye magazini isiyozidi risasi 10. Australia ilikuwa kali zaidi mwaka 1996, hata .22 nusu otomatiki si ya kila mwenye leseni. Mara nyingi, basi, .22 ndiyo inayobaki mlango ukifungwa.

Na usiidharau kwa udogo. Kichwa chake kinaweza kwenda zaidi ya kilomita moja. Vijana wanaoipigia mawe na maji, ambako risasi hudunda na kuruka kwingine, kwa sababu "ni ndogo tu" ndio wanaotuharibia jina sote. Kilima cha udongo nyuma ya shabaha, miwani machoni, vizibo masikioni, kidole nje ya kifyatulio mpaka umelenga. Ukivuta na isilie, mdomo wa bunduki ubaki kwenye shabaha nusu dakika kabla ya kufungua. Wewe uliyenunua bunduki ya kujionyesha, hayo hutayafanya, na ninakuambia wazi kwamba uwanjani sitasimama karibu nawe.

Ukinunua iliyotumika, hakikisha mbele ya muuzaji kwamba chemba ni tupu, mulika mtutu kwa tochi, angalia mdomo wake kama umegongwa, kisha uombe kuipiga. Asiyekubali uipige muachie bunduki yake.

Ulichouliza kuhusu darubini: anza na vyuma vya kulengea vilivyokuja nayo mpaka mikono itulie. Baadaye, ya ukuzaji wa 3 hadi 9 inatosha kabisa kwa mita 50, mradi ununue ile ya .22 ambayo paralaksi yake (ile hali ya alama ya kulengea kuonekana kuhama ukisogeza jicho) imewekwa yadi 50. Za bunduki kubwa huwekwa yadi 100. Pesa itakayobaki nunua magazini mbili za ziada, na risasi.