Matembele na maniplanti ndo filta yangu, umeme uwepo usiwepo

Waalaykum salaam yakhe. Umeuliza kama mimea hai inaweza kufanya kazi ya filta kwenye tangi lako la samaki la lita 80 hapo Kiembesamaki, maana umeme ukikatika usiku pampu inasimama, asubuhi maji yana ukungu na gapi, wale visamaki vidogo vya mapambo, wamelegea. Inaweza, lakini sio mimea yoyote, na hiyo uliyouziwa ya kuzama chini kabisa ndo itakayokusaidia kidogo kuliko yote.

Mie hili nimelijua kwa maumivu. Umeme ulipokosekana Unguja nzima kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 nilikuwa na goldifishi watano kwenye kiyoo, filta nzuri, hamna hata jani moja ndani, haikufika wiki wote wamekufa. Jirani yetu alikuwa na birika la saruji uani lina yungiyungi na gapi, hana pampu wala nini, na muda wote ule samaki wake wanazaana tu. Nikawa kila jioni naenda kuchungulia nataka kujua mle mna nini.

Mambo yake ni hivi. Samaki anatoa amonia, na chakula kilichobaki kikioza kinatoa amonia, hiyo ndo sumu yenyewe. Bakteria wanaokaa kwenye sponji ya filta wanaigeuza inakuwa naitraiti ambayo bado ni sumu, halafu naitreti ambayo ina nafuu. Pampu ikisimama bakteria wale wanakosa hewa, kazi yao inazorota. Mmea hausubiri safari yote hiyo, unainyonya amonia moja kwa moja, kwake ni mbolea, kama mpunga wa Cheju unavyotaka yuria.

Na kwa maji yetu hili lina uzito zaidi. Kisiwa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, maji ya kisima yamejaa chokaa, tazama sufuria yako ya chai chini ilivyoshika magamba meupe na sabuni inavyogoma kutoa povu. Maji ya namna hiyo pH yake (kipimo cha maji kuwa na tindikali au magadi) iko juu, na pH ikiwa juu na joto letu hili, sehemu kubwa zaidi ya amonia inakuwa ile kali inayoua. Kwa hiyo kiasi ambacho samaki wa mtu wa Ulaya kwenye maji laini ya baridi wanakivumilia, wako hapa wanakufa, ndo maana ukifuata video za kule neno kwa neno unashangaa mbona kwako haiendi.

Sasa mimea gani. Ile ambayo mizizi iko majini na majani yako nje. Mmea uliozama unabanwa na uhaba wa hewa ya kabonidioksaidi, majini ipo kidogo, lakini wenye majani nje unaivuta hewani unavyotaka, unakua mbio, na kadiri unavyokua ndo unavyonyonya. Mie natumia matembele ya kawaida, vikonyo vya shibiri moja hivi, naviosha vizuri kwa sababu ya dawa za shambani, natoa majani ya chini, nabana kwenye ukingo wa tangi karibu na dirisha. Siku chache tu mizizi imetoka, na baada ya mwezi inaning'inia kama nyuzi za makumbi, ukiitikisa unaona vumbi la kahawia linaachia na gapi wadogo wanaidonoa kutwa. Pili ni maniplanti, ile ya majani ya moyo yenye mabaka ya manjano inayotambaa vibarazani. Hiyo tia mizizi tu, majani yasiguse maji, na utomvu wake unawasha kwa hiyo watoto wasiutafune.

Vya kuelea kama kabichi ndogo navyo ni vizuri ila viliwahi kuniulia samaki. Niliviacha vikafunika juu kote, usiku umeme ukakatika, na usiku mimea nayo inavuta oksijeni vilevile. Nimeamka alfajiri namulika kwa simu nakuta midomo yote iko juu inatweta, saba tayari wamekufa. Tangu siku hiyo nusu ya uso wa maji lazima iwe wazi. Na ukivipunguza vianike juani vikauke, usivitupe mtaroni wala bondeni, magugumaji, nayo ya kuelea hivyohivyo, yamelisumbua Ziwa Victoria miaka na miaka.

Mavi ya samaki mmea hauyali, yavute kwa mpira mdogo wa maji kila wiki ukibadilisha robo ya maji, ya bomba yalaze siku moja kwanza. Jani likigeuka manjano likate, likiozea ndani linarudisha amonia ileile. Pampu usiitoe, iache ifanye kazi umeme ukiwepo.

Umesema pia chini umetia mchanga mweupe wa pwani na makombe. Vyote hivyo ni chokaa, vinazidi kupandisha pH ya maji ambayo iko juu tayari. Makombe toa leo, mchanga chota robo kila wiki mpaka uishe usiutoe wote kwa mpigo, maana bakteria wako wengine wamo humo na matembele bado hayajashika mizizi.